Dirisha Begani

Alasiri ya Jumanne moja, Februari mwaka 2003, Bi Fakhriya alipigilia msumari ukumbini kwake akatundika kalenda ya mwaka 2002. Kwamba mwaka wenyewe umekwisha halikumshughulisha. Kalenda ya mwaka uliokuwa unakwenda alikuwa nayo, ya duka la matairi, na kila mwezi ilimwonyesha tairi.

Ile ya zamani aliletewa na Hamed, jirani yake, dereva wa kambi ya watalii huko Al Mintirib. Hamed alipewa na bibi mmoja wa Kizungu, mwalimu mstaafu, ambaye walipotea naye mchangani kutwa nzima. Bibi huyo alimshukuru kwa kuwa alikiri mapema kwamba wamepotea, kinyume cha marehemu mumewe. Kalenda ilifuatana na kijitabu cha kurasa arubaini, nusu Kijerumani na nusu Kifaransa, habari za kijiji chake kiitwacho Lamsried, kwenye milima ya Alpi: jiografia yake, historia yake na michoro ya kanisa lake. Hamed alizaliwa Bujumbura na alisomeshwa Kifaransa na watawa wenye rula. Kwa miaka ishirini Kifaransa hicho hakikumfaa Oman hata kuagizia chai. Sasa kila alasiri alikuja kwa Bi Fakhriya, akanywa kahawa, akasoma na kufasiri.

Nyumba zao zilikuwa Sidra, mtaa wa nyumba kumi na mbili ng'ambo ya wadi, mkabala na Ibra. Wadi hiyo ni mto usio na maji: siku mia tatu na hamsini za mwaka ni mawe matupu na mbuzi, na siku zinazobaki ni maji ya kahawia yanayoweza kuchukua gari na aliyemo. Watu wa Sidra walirudi Oman kutoka Unguja, Pemba na bara, baada ya mwaka sabini. Walipofika, viwanja vya upande wenye soko, skuli na hospitali vilikuwa na wenyewe. Wakapewa ng'ambo, kwa muda. Muda huo ulikuwa umetimiza miaka ishirini na minane. Daraja waliahidiwa mwaka 1986, na ramani yake ilikuwapo. Marhoun aliwahi kuwaonyesha, nzuri sana, imepakwa rangi.

Marhoun alikuwa afisa wa ofisi inayohusika na mambo ya njia. Bibi yake mzaa mama alikuwa mtu wa Malindi, Unguja, na Kiswahili cha Marhoun kilikuwa safi. Akitaka kukufariji alisema nawe Kiswahili. Akitaka kukukatalia alisema Kiarabu. Kwa hiyo watu wa Sidra walikuwa wakipata jawabu lao kwenye salamu.

Aliyekuwa akisikiliza kijitabu kwa makini kuliko wote ni Wadha, mke wa Saud, mwana wa Bi Fakhriya. Saud alifanya kazi Maskati na kurudi Jumatano usiku. Wadha alikuwa na mimba ya miezi saba. Ilikuwa ya pili. Ya kwanza, mwaka 1999, uchungu ulimshika siku ambayo wadi ilishuka na maji. Alikaa saa kumi na moja ndani ya gari la Hamed, ukingoni, akizitazama taa za hospitali upande wa pili. Maji yalipopungua mtoto alikuwa amekwisha kuzaliwa na kufa. Alikuwa msichana. Alizikwa upande wa Sidra, kwa sababu ndio uliokuwa ukifikika.

Tangu hapo Wadha hakulizungumza daraja. Alilitazama wingu.

"Kijiji kiko mita elfu moja na mia nne juu ya bahari," Hamed alisoma. "Tangu tarehe kumi na moja Novemba mpaka tarehe mbili Februari mlima unawaziba. Jua hawalioni kabisa."

"Miezi mitatu?" Bi Fakhriya alimmiminia kahawa. "Si wangetwambia. La hapa linabaki."

"Historia sasa. Vijana wao walikwenda nchi za watu kupika na kuuza keki. Wengine walikaa huko miaka arubaini, wakazaa huko huko. Waliporudi, waliobaki nyumbani wakawaita wageni, wakawapa viwanja ng'ambo ya mto, upande wa kivuli."

Wadha alikuwa akichagua mchele. Akaacha.

"Aliyeandika anatujua?" aliuliza.

Hamed akafungua ukurasa wa mbele. "Kafa mwaka 1958."

"Haidhuru," alisema Bi Fakhriya. "Endelea."

Yaliyobaki yalihusu kanisa, na picha ya kalenda ilikuwa ya ukuta wake wa nje, unaotazama mto. Ukutani palichorwa mvushaji, jitu la kuvusha watu mto. Alichorwa mwaka 1514, chokaa ikiwa mbichi ili rangi ishike, na fundi ambaye hakuna aliyekumbuka kuliandika jina lake. Urefu wake mita sita. Kanzu nyekundu imekunjwa mpaka magotini, mkononi ana mti mzima kama bakora, na miguuni samaki. Begani alikuwa amembeba mtoto. Lakini mwaka 1783 kasisi aliona kanisa lina giza, akaamuru litobolewe dirisha, na dirisha likaangukia pale pale penye mtoto.

"Wakamtia mtu dirisha begani?" aliuliza Bi Fakhriya.

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Watu wana roho."

"Wasafiri walikuwa wakimtazama asubuhi kabla ya kuvuka," Hamed aliendelea. "Mwaka 1931 serikali ikajenga daraja. Anasema hivi: tangu hapo magari yanapita bila ya kupunguza mwendo, na mvushaji wetu hana shughuli."

Bi Fakhriya akaitazama picha kama anavyotazamwa mpwa aliyemaliza chuo akakaa nyumbani.

"Jitu lote hilo," alisema. "Halina kazi."

Aprili, Jumatatu, mvua ilinyesha milimani. Sidra hakikudondoka hata kitone, na saa saba na nusu mchana wadi ikashuka. Kwanza ulisikika mlio kama wa lori linalomwaga kokoto, halafu yakaja maji yenyewe, na mbele yake mitungi ya gesi, mitende na jokofu. Saa nane Wadha akaweka kisu alichokuwa akikatia vitunguu, akashika ukingo wa meza. Zilikuwa zimebaki wiki mbili siku zake zitimie.

"Mama," alisema. Bi Fakhriya akaenda kumtandikia.

Hamed akapiga simu hospitali. Gari la wagonjwa lilikuja mara moja likasimama ng'ambo, taa ikizunguka, karibu kiasi cha kuisoma nambari yake. Helikopta ilikuwa Sinaw, ikiwaokoa watu waliopanda juu ya lori la mbuzi. Wakasema itakuja ikimaliza.

"Ikimaliza watu au ikimaliza mbuzi?" aliuliza Hamed.

Wakasema wataulizia.

Wadha alikuwa amelala kwenye takia ukumbini. Hakulia. Alisema tu, "Siingii garini tena, Hamed. Usiniambie nikakae garini." Hamed akasema hatamwambia. Akatoka nje kuyatazama maji, kwa kuwa ndani hakuwa na la kufanya na nje vilevile hakuwa nalo.

Bi Fakhriya alikuwa jikoni akichemsha maji. Upepo uliokuja na wadi uliingia kwa dirisha la ukumbini, ukaichukua kalenda ukaibamiza ukutani, mara tatu. Sasa, mtu wa Unguja akisikia kugongwa haulizi nani. Anakaribisha kwanza, halafu ndiyo anatazama kakaribisha nini. Bi Fakhriya aliondoka Unguja ana miaka thelathini na mbili, na mikono yake ilikuwa kazini.

"Karibu," alisema kutoka jikoni. "Pita ndani."

Alipotoka na sinia, mvushaji alikuwa ukumbini. Dari ilikuwa mita tatu, kwa hiyo alikaa kitako, magoti kifuani na shingo kaipinda, na bado sikio moja lilikuwa limegusa feni. Alinuka chokaa. Uso wake ulikuwa na nyufa nyembamba, kama sahani ya zamani, na maji yalikuwa yakimtiririka miguuni mpaka kwenye busati. Kalendani palibaki ukuta mweupe na nyasi.

"Mama, nani?" aliuliza Wadha.

"Yule wa Lamsried. Vaa buibui lako."

Begani kwake, upande wa kushoto, lilikuwapo dirisha: fremu ya mbao, komeo la chuma, vioo viwili vyenye viputo. Kizingiti chake kilikuwa kipana, watu wawili wangekaa bila kubanana.

Hamed aliingia, akavua kofia. Akamwamkia kwa Kifaransa. Mvushaji hakuonyesha kufahamu. Hamed akamwambia Bi Fakhriya pole pole, kwa sauti ya mtu anayetimiza wajibu wake, kwamba huyu si maharimu wa Wadha.

"Huyu ni chokaa," alisema Bi Fakhriya. "Na mimi nafuatana nao. Wewe mshike mkono huku."

Halafu akamgeukia mvushaji, akamwonyesha Wadha, akamwonyesha wadi, akasema naye Kiswahili cha kawaida, bila ya kupaza sauti. Mvushaji akainua kichwa kidogo, feni ikasimama. Akatoka mlangoni kwa kutambaa, bega la kulia kwanza ili asiumize kioo. Nje akasimama wima, na majirani waliokuwa ukingoni wakasogea kumpisha. Mzee mmoja alisema kwamba urefu wake ni wa kutosha.

Akapiga goti. Wadha na Bi Fakhriya wakapanda, wakakaa kizingitini. Mvushaji akaushika mti wake, akaingia majini.

Maji yalimfika chini ya goti. Mtende ulikuja ubavuni, akausukuma kwa ule mti. Lilikuja jokofu, akaliruka. Hamed, aliyebaki ukingoni, aliona samaki wakimzunguka vifundoni, wale wale wa kalendani, na aliona kwamba maji nyuma yake yanakwenda na wekundu hafifu, kama ya kufulia nguo mpya.

Katikati ya wadi uchungu ulimpanda Wadha. Akatafuta pa kushika, akashika fremu ya dirisha. Nyuma ya kioo kulikuwa na kanisa, mabenchi ya mbao, na mwanamke aliyefunga kitambaa kichwani akipiga deki. Mwanamke yule aliinua uso, akawaona, akaegemeza fimbo ya deki, akaja kufungua komeo. Ukatoka upepo baridi, wenye harufu ya theluji na sabuni. Wadha akaufungulia uso.

"Salaam alaykum," alisema Bi Fakhriya.

Mwanamke akasema neno lake, akampa Wadha mkono. Wadha akaubana mpaka uchungu ulipomwachia. Halafu mwanamke akaleta mto kutoka kwenye benchi, akauweka nyuma ya mgongo wake, akabaki amesimama pale mpaka walipofika ng'ambo. Hapo akafunga dirisha, kwa sababu upepo ulikuwa ukirusha mchanga ndani na alikwisha kupiga deki nusu.

Dereva wa gari la wagonjwa alimwomba mvushaji arudi hatua mbili nyuma ili apate kugeuza. Mvushaji akarudi.

Maram alizaliwa saa kumi na dakika arubaini, kilo tatu na kidogo. Saud alifika magharibi, mbio, amevaa kiatu cha kazini mguu mmoja na kandambili mguu wa pili, na hakuna aliyemwambia. Alimshika mtoto kwa mikono miwili kama sinia lililojaa vikombe. Bi Fakhriya alikaa ukumbi wa hospitali, akavua viatu, akalala hapo hapo kwenye kiti akiwa amekaa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulala siku ya wadi kushuka tangu mwaka 1999. Wadha aliomba ndizi, akala, akaomba nyingine. Mto wa kanisani alikaa nao siku mbili, kisha akamtuma Saud ampe mvushaji aurudishe.

Tangu siku hiyo, wadi ikishuka, Bi Fakhriya aliigonga kalenda mwenyewe, akajijibu karibu. Mvushaji aliwavusha watoto wa skuli, wenye sukari na presha, mitungi ya gesi, na Jumatano wanawake wanaokwenda soko lao la wanawake tu. Wanawake walimpenda kwa kuwa hachagui mzigo wala haulizi bei. Mzee Thabit alivuka na mbuzi wanne, na ikaonekana kwamba kwa mbuzi ni bora dirisha lifungwe, kwa sababu walikwisha kuingia kanisani mara moja na ikachukua saa nzima kuwatoa. Wadi ikikauka alirudi kalendani. Watu walilala usingizi mzuri. Hata ugomvi wa zamani baina ya nyumba mbili ulikwisha, maana ulikuwa juu ya nani alikosea mwaka gani kumngojea nani ukingoni.

Mwezi wa Oktoba Hamed alipata barua kutoka Lamsried. Yule bibi mwalimu aliandika kwamba ukuta wa kanisa umelowa upande wa miguu, na mwaka wenyewe ulikuwa wa ukame. Kamati ilimwita mtaalamu. Mtaalamu akakuta mchanga kwenye vidole vya mvushaji na manyoya ya mbuzi kwenye fremu ya dirisha. Alisema rangi imetoka mpaka magotini, na kwamba kwa mwendo huo picha itadumu miaka kumi, ikizidi kumi na mbili. Kamati ilikutana jioni mbili. Wakaamua wamwache. Walikuwa wakimwonea huruma tangu mwaka 1931, aliandika bibi, na sasa wamepumua.

Marhoun alikuja kukagua Novemba. Wadi ilikuwa ikienda, kwa hiyo alikuja begani, amekaa kizingitini na faili magotini, joho lake limepepea mpaka kwenye komeo.

"Shikamoo, Bi Fakhriya."

"Marahaba. Umeanza na Kiswahili. Leo mvua ya heri."

"Heri tupu," alisema Marhoun, na uso wake ulikuwa umefunguka kweli, kama wa mtu aliyetolewa jino. "Wallahi nilikuwa silali kwa ajili yenu. Kila wingu likija nasema, yakhe, Sidra. Sasa khalas. Tumepumzika sote."

Akafungua faili. Ilikuwa imeandikwa Kiarabu. Bi Fakhriya akauondoa mkono wake kwenye birika, akauweka mapajani.

Karatasi ilisema kwamba kwa vile wakazi wa mtaa huo wanacho kivuko cha kuaminika, mradi wa daraja unahamishiwa mahali pasipokuwa na kivuko. Mvushaji atavaa kizibao kinachong'aa baada ya magharibi. Atabeba watu wasiozidi wawili. Hatahesabiwa kuwa mfanyakazi. Wakuu wa nyumba kumi na mbili watie saini kwamba haja yao imetimizwa.

Hamed akamsomea barua ya Lamsried, ile sehemu ya mtaalamu.

"Miaka kumi," alisema Marhoun. "Miaka kumi ni mingi, Hamed. Ramani yenyewe ina kumi na saba."

Watu wakatia saini. Hakuna aliyelazimishwa. Walikuwa wamechoka kudai, na mbele yao palikuwa na mtu wa mita sita anayevusha bila ya ahadi. Bi Fakhriya alitia saini ya nyumba yake, ile aliyoachiwa na marehemu mumewe, akamrudishia kalamu. Nyumba ya pili uani ilikuwa ya Saud, na Saud alikuwa Maskati. Marhoun akampa karatasi Wadha, aliyekuwa amemlaza Maram begani.

"Tia wewe kwa niaba yake," alisema. "Mambo yaishe."

"Inasema haja yetu imetimizwa?"

"Inasema hivyo."

"Tangu lini?"

Marhoun akatazama. "Tangu Aprili."

"Basi iandike na kabla ya Aprili. Iandike kwamba kuna mmoja alingoja saa kumi na moja."

"Wadha, mwanangu. Yule hakuandikwa popote. Hana cheti cha kuzaliwa, hana cha kufa. Nitamwandika vipi?"

"Ndiyo maana nasema mwandike."

Marhoun aligeuza karatasi, akaitazama nyuma, akaigeuza tena. Alikuwa mtu mwema, na aliitafuta nafasi kwa kweli. Halafu akasema kwa Kiarabu, kwa upole kabisa, kwamba hapana mahali.

Wadha akamrudishia karatasi na kalamu. Hakuna aliyemshika mkono wala kumsihi. Mwisho wa orodha Marhoun akaandika kwamba nyumba ya kumi na mbili mwenyewe hakuwapo, akafunga faili, akanywa kahawa yake. Saini kumi na moja zilitosha. Aliondoka begani kama alivyokuja, na katikati ya maji alionekana akimpa mkono mwanamke wa kanisani.

Jumapili iliyofuata ilikuwa siku ya chanjo ya Maram, na wadi ilikuwa bado inakwenda. Wadha alimfunga mtoto kwa kanga, akapanda. Rangi ya kanzu ya mvushaji ilikuwa imepauka mpaka mapajani, na chini ya hapo alikuwa chokaa tupu, mweupe, inaonekana michirizi ya brashi ya fundi. Wadha alimwambia aende pole pole. Akaenda pole pole. Walifika kabla ya zahanati kufunguliwa, wakawa wa kwanza kwenye foleni.

Nesi alimpiga Maram sindano ya paja la kushoto, akaomba radhi, akamwambia Wadha ambembeleze anyamaze. Wadha akamweka kifuani, akakaa kwenye benchi nje, na akamwacha alie, asikike.